Mshale Usiopanda

Watu wa kituo cha kupozea maziwa walimwita Kiberiti, na hawakumsingizia. Kuna watu ambao hasira zao huchemka polepole kama maji ya sufuria kubwa. Zake ziliwaka papo hapo, na aliyekuwa karibu ndiye aliyeungua. Kazi yake ilikuwa kupanda mlimani kila asubuhi kukusanya maziwa kwa wafugaji, kisha kuyateremsha mjini kabla hayajaharibika. Chombo chake kilikuwa pikapu ya dizeli, kuukuu, mlango wa abiria ukifunguka kwa nje tu, lakini ikishika kilima haikuwa na mzaha.

Aliyemfundisha kuiendesha ni baba mkwe wake. Hili lazima lisemwe mapema, kwa sababu ndilo lililofanya yaliyofuata yaume zaidi. Mumewe alikuwa mshonaji, mtu wa cherehani na utulivu, ambaye kona mbili tu za mlimani zilitosha kumtapisha. Mzee yeye alikuwa ameendesha malori maisha yake yote, mpaka mtoto wa jicho alipomfunga breki. Siku aliyotangaza, "Mke wa mwanangu ataendesha," ndugu walicheka mpaka wakashika mbavu, na jirani mmoja akauliza kama ng'ombe nao watafundishwa. Mzee hakucheka. Alimkalisha binti wa watu kwenye usukani, akamgombeza mchana kutwa, akaipiga dashibodi kofi kila alipoachia klachi kwa pupa, na mwisho wa yote akatoka na dereva. Wote wawili walikuwa na ndimi chungu kama shubiri. Pengine ndiyo maana walielewana.

Macho yalipobaki ya kuona vitu vya puani tu, Mzee alibaki na kazi moja: kupasha injini moto. Alfajiri, kabla ya mwingine kuamka, alipapasa ukuta mpaka uani, akaingia kwenye pikapu, akasubiri taa ya kupashia plagi izime, akawasha, kisha akakaa. "Dizeli haiamshwi kwa kiboko," alizoea kusema. Mkwe wake akitoka na kikombe cha chai mkononi, alikuta injini iko tayari na Mzee anafuta kioo cha mbele kwa kitambaa. Hakuna aliyempa kazi ile. Aliichukua mwenyewe, na nyumba nzima ilijua kwamba ukimnyang'anya hiyo, umebakiza mzee wa kulishwa na kuulizwa kama amelala vizuri.

Basi baridi ikaingia. Si baridi ya kuvaa sweta na kujipiga picha. Ni ile ya umande kuganda juu ya majani, ya ng'ombe kutoa mvuke puani, ya mtu kushika spana na kuiachia kwa kelele. Na pamoja na baridi, pikapu ikaanza ulevi. Tangi ambalo likijazwa Jumatatu lilimfikisha Jumamosi bila wasiwasi, sasa lilimtupa kwenye pampu siku ya Alhamisi, taa ya mafuta ikimkonyeza. Njia ni ile ile. Madebe ni yale yale. Wafugaji ni wale wale, na ubishi wao ule ule. Mafuta yanakwenda wapi?

Kiberiti alianza na muuza mafuta, mtu mzima mwenye ndevu na heshima zake.

"Kaka, unanipunja."

"Mama, mimi?"

"Pampu yako basi. Mmoja wenu ni mwizi."

Yule bwana hakubishana. Alichukua galoni la kupimia, akamwekea mbele ya macho yake, akaminya mpini. Mafuta yakapanda mpaka kwenye alama yake, hayakupungua hata tone. Kiberiti aliondoka kwa kishindo, kana kwamba yule bwana ndiye aliyekosa kwa kuwa mwaminifu. Nyumbani akamwamuru mumewe atandaze maboksi chini ya gari usiku mzima. Asubuhi maboksi yalikuwa makavu, hayana hata harufu ya dizeli.

Akabaki na mdogo wake wa kiume. Huyu alikuwa makanika, na dada yake alimwamini kuliko alivyoamini mvua. Wakati wa joto, pikapu ilipokuwa ikichemsha maji kwenye kilima kimoja kikali cha njia ya maziwa, ndiye aliyeitibu kabla ya chakula cha mchana, na tangu siku hiyo haikuchemsha tena. Sasa alifungua boneti, akagusa hiki, akapuliza kile, akatoa chujio la mafuta akalitazama kwenye mwanga.

"Dada, baridi inakula mafuta," akasema. "Oili inakuwa nzito, injini inachelewa kuchangamka, hata upepo wa matairi unapungua."

"Baridi ipo kila mwaka. Ulevi huu ni wa mwaka huu."

Makanika akachukua kitambaa akawa anajifuta mikono, na mikono yenyewe ilikuwa imeshatakata. "Asubuhi inawashwa na nani?"

"Mzee."

"Anaiwasha, halafu?"

"Anaipasha."

"Kwa muda gani?"

Kiberiti akapiga hesabu. Kweli, siku hizi alikuwa akiisikia ikiunguruma mapema zaidi na kwa muda mrefu zaidi, wakati yeye bado yuko chini ya blanketi. Alikuwa akijigeuza upande wa pili na kulala tena.

"Basi," akasema mdogo wake, akifunga boneti. "Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi sisemi kitu."

Mtu akikuambia hasemi kitu, ujue amekwisha sema. Kiberiti alirudi nyumbani moto unawaka kifuani. Usiku hakulala. Alihesabu mambo yote ya Mzee: anavyokohoa mlangoni, anavyosahau kufunga bomba, anavyomsahihisha mbele ya watoto jinsi ya kukata kona na yeye mwenyewe haioni tena hata kona ya meza. Hasira ina kazi hiyo. Ikikosa kuni, huanza kung'oa milango.

Alfajiri injini ikaunguruma. Kiberiti akatoka uani na khanga moja, miguu mitupu juu ya saruji iliyokuwa baridi kama barafu. Mzee alikuwa ndani ya pikapu, amejikunja kwenye koti, mikono juu ya usukani, uso umesogezwa karibu kabisa na dashibodi. Moshi mweupe ulijaa ua mzima.

"Zima!"

Mzee akashusha kioo. "Mshale wa joto haujapanda, mkwe. Nausubiri tangu..."

"Zima gari, baba! Kumbe ni wewe! Nimemtukana muuza mafuta wa watu, nimemlaza mume wangu na mawazo ya maboksi, kumbe anayekunywa mafuta yangu analala chumba cha pili!"

"Nakwambia mshale haupandi. Zamani ulikuwa unapanda, sasa hata ukikaa..."

"Mshale unauona kwa macho yapi?"

Mtu mwingine angesimama, akashika mdomo wake, akaomba radhi kabla neno halijatua. Kiberiti hakusimama. Alipitisha mkono dirishani, akazungusha ufunguo, akauchomoa.

"Hili ni gari la kazi. Si jiko la mzee kuota moto. Kazi yako ilikwisha, baba. Ilikwisha zamani, sisi tunakuonea haya tu kukwambia."

Mzee alishuka taratibu. Aligusa boneti, akagusa ukuta, akaufuata ukuta mpaka mlangoni. Jumapili iliyofuata alimwomba mwanawe amsindikize kwa binti yake, ng'ambo ya mji. Alibeba mfuko mmoja. Watoto walipouliza anarudi lini, alisema anakwenda kupumzika.

Mshonaji alirudi jioni, akakaa mbele ya cherehani, asishone hata nguo moja. Katika ndoa yao yote Kiberiti ndiye aliyepiga kelele na mumewe ndiye aliyezizima. Siku ile hakuzima kitu.

"Umemwambia baba yangu kwamba kazi yake imekwisha."

"Nimemwambia aache kuchoma mafuta."

"Hapana," akasema mshonaji. "Mimi nilikuwa dirishani. Nimesikia ulichomwambia." Akazima taa ya cherehani, akaenda kulala. Na kesho yake, na keshokutwa, alizungumza na mkewe mambo ya lazima tu: chumvi, ada, ufunguo wa geti.

Kiberiti akajipa moyo kwamba walau mafuta yatatulia. Sasa akawa anawasha na kuondoka papo hapo, chai hainyweki, kioo hakifutiki vizuri, anachungulia njia kwenye kitundu alichosugua kwa kucha. Alhamisi ikafika. Taa ya mafuta ikamkonyeza, jua limeshapanda badala ya alfajiri. Hayo ndiyo yote aliyoyapata kwa kumfukuza baba mkwe: saa chache za dizeli.

Alikuwa kwenye kile kilima kikali, madebe zaidi ya nusu yamejaa, gari linapiga kelele na kutoa moshi. Kwa mara ya kwanza tangu baridi iingie, alitazama kitu ambacho dereva hutazama tu kikiwa na shari. Alitazama mshale wa joto. Ulikuwa umelala chini kabisa. Mzigo mzito, kilima kirefu, injini inahema, na mshale umejilaza kana kwamba gari limeegeshwa. Ulijiinua kidogo karibu na kilele, na alipoanza tu kuteremka ukarudi kulala.

Akasimamisha gari kando ya njia. Alilitukana. Akatukana mlima, baridi, na wafugaji waliokuwa wakimsubiri. Kisha akachukua boksi lililokuwa nyuma ya kiti, akalipasua, akaziba nalo mbele ya rejeta ili upepo usipige maji ya injini. Akaendesha tena. Kabla ya kufika zizi lililofuata mshale ulikuwa umeamka, na kabla ya kumaliza mzunguko ulikuwa umekaa katikati, mahali pake pa zamani. Injini ikabadilika sauti. Moshi ukapungua. Kiberiti aliendesha akiutazama mshale ule.

Mzee alikuwa akiusogelea uso wake kwenye dashibodi kwa sababu hiyo. Alikuwa akisubiri mshale upande, na kwa kuwa haukupanda, alizidi kusubiri. Mafuta aliyapoteza, ndiyo. Lakini gari lilikuwa na ugonjwa, na mtu pekee aliyeuona ni yule aliyeulizwa anaona kwa macho yapi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Kiberiti alihisi lake limevunjika vipande viwili.

Aliingia gereji na madebe matupu yakigongana nyuma. Makanika alikuwa chini ya gari la mteja, miguu tu ikionekana. Dada yake akaipiga teke miguu.

"Toka. Ulitoa nini ndani ya injini yangu?"

"Dada, subiri, nina mteja..."

"Mteja ajifunze kitu leo. Fungua."

Akafungua. Alilegeza boliti za kile kifuniko ambapo mpira wa maji hutoka kwenye injini, akakiinua. Ndani palikuwa patupu. Pale panakaa themostati, kikombe kidogo cha shaba ambacho huyazuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto. Bila hicho, maji huzunguka na kupoa muda wote, na injini ya dizeli kwenye baridi hugeuka mtu aliyelala nje bila blanketi. Hula sana na haishibi.

"Wakati wa joto ilikuwa inachemsha," akasema makanika, macho chini. "Nikaitoa. Hapa kila fundi anaitoa, dada. Gari likichemsha unatoa, linaacha, mteja anafurahi. Hata wewe ulifurahi. Uliniambia hakuna fundi kama mimi."

"Na baridi ilipokuja?"

"Nilikumbuka siku ile ulipoileta."

"Siku ile ile? Ukiwa unajifuta mikono?" Sauti ya Kiberiti ilipanda mpaka mafundi wa jirani wakaacha kugonga. "Ulijua, ukaninyooshea kidole kwa mzee wa watu? Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mimi dada yako?"

"Nikikwambia ni mimi, ungenichoma mbele ya wateja, kama unavyonichoma sasa. Mimi nilikuuliza swali tu, nani anawasha. Hukuuliza la pili. Ulitoka hapa mbio, umeshampata mwenye kosa."

Kiberiti alikuwa ameshika spana. Alitaka kuirusha, na lazima isemwe kweli, alichagua hata pa kuirushia. Lakini lile neno, kwamba hakuuliza la pili, lilimzuia mkono. Kijana alikuwa mwoga na mwongo, ila hapo hakusema uongo. Akaiweka spana juu ya benchi.

"Nenda kanunue nyingine. Mpya. Nasimama hapa mpaka uifunge."

Alisimama. Makanika alifunga themostati huku dada yake akimpumulia kisogoni, akakaza boliti, akajaza maji. Siku iliyofuata pikapu ilipanda mlima kama enzi zake. Jumatatu nyingine tangi likajazwa, na Alhamisi ikapita bila pampu. Kiberiti angefurahi, lakini alfajiri aliamka kabla ya saa yake, akasikiliza uani. Uani hapakuwa na sauti yoyote. Mumewe naye alikuwa macho, anasikiliza hicho hicho, na hawakuambiana.

Jumapili akaenda kwa wifi yake. Alipiga honi getini. Wifi akamfungulia, akamkaribisha kwa ile adabu inayoumiza kuliko matusi. Mzee alikuwa sebuleni, ameelekeza uso kwenye mwanga wa dirisha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimeisikia pikapu. Inalia vizuri."

"Imepona. Yule mjinga alikuwa ametoa themostati. Ulisema kweli, baba. Mshale haukuwa unapanda." Maneno haya alikuwa ameyapanga njia nzima. Aliona yanatosha kuwa ombi la msamaha.

"Sasa unapanda?"

"Hata kabla sijafika barabara kubwa."

"Bila kuipasha?"

"Nawasha, nafuta kioo, naondoka."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Vizuri. Basi haina haja tena na mtu wa alfajiri."

Kiberiti hakuwa amelifikiria hilo. Alikuja amebeba ushahidi kwamba Mzee alikuwa na haki, na ushahidi ule ule ndio uliommalizia kazi. Akafanya alichokizoea.

"Nani amezungumza habari ya injini hapa?"

"Usinipigie kelele nyumbani kwa binti yangu."

"Nitapiga! Watoto wananiuliza babu yuko wapi, nawaambia anapumzika, wanajua mama yao mwongo. Mwanao haongei na mimi, anaongea na cherehani. Mimi mwenyewe naamka gizani nasikia kimya nadhani kuna msiba! Nilikukosea, baba. Nilisema neno baya, na nilijua ni baya wakati nalisema. Sikuja kuchukua mtu wa kupasha injini. Nimekuja kumchukua baba yetu. Twende nyumbani."

Wifi alikuwa ameacha kufuta meza. Mzee akageuka kutoka dirishani.

"Twende na nini?"

"Na pikapu. Iko hapo nje."

"Ulinifukuza kwa ajili ya gari, mkwe," akasema Mzee. "Halafu unakuja kunichukua na gari hilo hilo, na honi umepiga. Sipandi. Lirudishe nyumbani. Ukinitaka mimi, nifuate kwa miguu."

"Kwa miguu! Ng'ambo yote ya mji! Na baridi hii?"

"Baridi ipo kila mwaka."

"Na wewe utarudije, na macho hayo?"

"Macho yangu ulishayauliza siku nyingine," akasema Mzee, na uso akaurudisha dirishani.

Kiberiti alibamiza mlango wa nyumba, akabamiza na wa gari. Alirudi nyumbani akiongea peke yake. Aliegesha pikapu uani, akamkuta mumewe kizingitini, ametazama kiti cha abiria ambacho hakikuwa na mtu.

"Hataki?"

"Anataka nimfuate kwa miguu! Mimi! Ukaidi wa ukoo wenu huu, sijui mnanyonyeshwa nao!"

Mshonaji aliingia ndani, akatoka na shali nzito ya sufu aliyokuwa akimshonea mteja, akamfunika mkewe mabegani, akaikaza vizuri shingoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa tangu Mzee aondoke.

Akaenda. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa za maduka, na upepo ulimkata masikio. Kila aliyemfahamu alimuuliza kama pikapu imeharibika, na kila aliyeuliza alijibiwa jibu la kumfaa. Kwenye daraja alimwambia Mzee moyoni mambo ambayo hangethubutu kuyatamka kwa sauti. Kwenye kilima cha mwisho, chenye njia ya mawe, pumzi zilimwishia, ila kwa kuwa alikuwa akigombana moyoni, aliendelea kugombana.

Mzee alikuwa nje ya geti, amesimama na mfuko wake, pua inamtiririka kwa baridi. Ni dhahiri alikuwa hapo muda mrefu.

"Umechelewa," akasema.

Kiberiti akamnyang'anya mfuko. Mzee akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akalipata bega lake, akalishika. Wakaanza kuteremka taratibu juu ya yale mawe, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa baridi ile.